Somo: Laptop inakuwa nzito ukichomoa chaja? Soma taarifa ambayo prosesa imeletewa

Wadau, salaam. Laptop ikianza kujivuta baada ya kuchomoa chaja, wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Mara nyingi mfumo endeshi hauna kosa: umeagizwa na fimuwea (programu ya ndani ya mashine, kama BIOS) kushusha kasi, nao umetii.

Mawasiliano hayo hufuata ACPI, kanuni za fimuwea na mfumo endeshi kuelewana juu ya umeme, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Umeme au joto likibadilika, prosesa huletewa taarifa yenye namba. 0x80 ni kikomo cha kasi, 0x81 ni hatua za usingizi (prosesa ikikosa kazi), 0x82 ni viwango vya kubanwa. Hapa shikeni vizuri: taarifa yenyewe haitaji kasi mpya. Ni hodi tu. Mfumo endeshi ndio unaorudi kuuliza, kwa kusoma `_PPC`, sehemu ya fimuwea yenye kikomo hicho. Jibu likiwa 0, kasi zote ruksa. Likiwa 2, kasi mbili za juu zimefungwa, unaanzia ya tatu kushuka.

Tuione kwenye Linux.

1. Sakinisha acpid, programu ya kupokea taarifa za ACPI: `sudo apt install acpid`

2. Andika `acpi_listen`, uiache ikisikiliza.

3. Chomoa chaja. Itapita mistari ya ac_adapter na battery. Unaotafuta wewe unafanana na huu:

`processor LNXCPU:00 00000080 00000002`

Ile 80 ndiyo aina ya taarifa. 2 ya mwisho ndiyo jibu la `_PPC`.

4. Ingia `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/`, linganisha `bios_limit` na `cpuinfo_max_freq`. Hesabu ni za kilohezi, kwa hiyo 1600000 ni GHz 1.6. Zikipishana, fimuwea ndiyo iliyoshusha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi sina bios_limit.*
Soma `scaling_driver` humo humo. Faili hilo lipo kwa dreva zinazolikubali tu, kama acpi-cpufreq.

*Naweza kukipuuza hicho kikomo?*
Unaweza, ongeza `processor.ignore_ppc=1` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli (moyo wa Linux). Lakini kaka, angalia chaja kwanza. Mashine inayotaka wati 90 ukiipa chaja ya wati 45, ina sababu ya kujibana, na ukiilazimisha inaweza kuzima katikati ya kazi. Mimi huitumia pale tu ambapo chaja ni sahihi, joto liko chini, na bado kikomo hakiondoki.

*Sisi wa Windows je?*
Fungua Event Viewer, sehemu ya System, tafuta Kernel-Processor-Power namba 37. Itakwambia wazi kwamba kasi imebanwa na fimuwea, na kwa sekunde ngapi.

*Na 0x81 inafanya nini hasa?*
Linux husoma upya `_CST`, yaani orodha ya hatua za usingizi. Husimamisha kwanza cpuidle (sehemu ya Linux inayolaza prosesa isiyo na kazi) kwenye viini vyote vya prosesa, ikapanga orodha mpya, ndipo ikairuhusu tena. Ukiona taarifa hiyo kila unapochomeka au kuchomoa chaja, usihangaike nayo.