Michoro ya Kale Isiyo na Jina: Anzia Nyuma

Wanaoniletea picha za kale dukani, Mji wa Kale wa Mombasa, niwatilie fremu, huuliza kwanza: "Fundi, hii ya nani?" Jina liwekeni kando. Maofisa wa meli, wamishonari na wake za maofisa walichora mandhari kwa rangi za maji, kwa kujifurahisha. Hawakuuza, basi sahihi ya nini?

Nawa mikono, ikauke. Chai iondoke mezani, feni izimwe. Kisha geuza picha. Nyuma ndiko kwenye maandishi ya penseli: mahali, tarehe, pengine namba ya ukurasa. Usifute hata herufi. Inue karatasi mbele ya mwanga utafute alama iliyomo ndani yake, kama ile ya noti. Ukisoma J WHATMAN, jina la mtengeneza karatasi wa Uingereza, na mwaka, jua huo ni mwaka wa karatasi. Picha haiwezi kuutangulia, ila yaweza kuchorwa miaka mingi baadaye.

Sasa itazame mbele, na hapa mtu wa Mombasa humshinda mtaalamu wa ng'ambo. Bandari ya Kale ikijaa majahazi makubwa ya Uarabuni, yaelekea ni msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na Machi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likishika hurudi kwao. Ukiona tanga la mraba la mkeka, huo ni mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, na picha ni ya zamani kwelikweli. Bendera nyekundu juu ya Fort Jesus ni ya Sultani wa Zanzibar, iliyoshushwa 1963. Daraja linaloelea la Nyali? Basi ni kati ya 1931, lilipofunguliwa, na 1980, lilipokuja hili la sasa.

Zikiwa nyingi, usidhani ni za mkono mmoja kwa kuwa zimetoka sanduku moja. Mimi hutazama minazi. Niliwahi kuletewa tano: nne, kila kuti ni mpigo mmoja wa brashi, mzito kwenye shina na mkavu nchani. Ya tano makuti yamechorwa jani kwa jani, kwa subira ya mtu mwingine kabisa.

Selotepu marufuku. Kulaminetisha, ndiyo kuua kabisa. Kioo kisiguse rangi, maana kwa unyevu wetu huu ukungu hauchelewi. Weka katikati kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha ili picha ionekane. Usitundike ukuta unaopigwa na jua: rangi za maji hufifia, na haziponi.

Juu ya bahasha, si juu ya mchoro, andika kwa penseli "mchoraji hajulikani". Dalali akikutajia jina kubwa, mwambie alete ushahidi. Ukitaka kuwauliza wa makumbusho pale Fort Jesus, peleka kwanza picha ya simu, mbele na nyuma. Mchoro wenyewe usiupandishe tuktuk siku ya mvua.