Jinsi ya kuhakiki rasimu ya ripoti ya IPCC

Mtafiti wa chuo hahitaji kuteuliwa na serikali ili ahakiki ripoti za IPCC, jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi. Waandishi wa sura ndio hupendekezwa na serikali au mashirika waangalizi. Mhakiki hujisajili mtandaoni, anaeleza utaalamu wake, basi.

Rasimu ya kwanza huhakikiwa na wataalamu, ya pili na wataalamu pamoja na serikali. Muda ni kama wiki 8, kwa hiyo usijaribu kusoma ripoti nzima. Chukua sura moja, au hata mchoro mmoja unaoujua vizuri.

Kila hoja huingizwa kwenye jedwali ikiwa na namba ya sura, ukurasa na mstari. Hapa ndipo wengi huharibu. “Afrika Mashariki imesahaulika” ni lalamiko tu, mwandishi hana la kufanya nalo. Taja sentensi, andika mbadala wake, kisha toa rejea ya makala iliyokubaliwa kuchapishwa kabla ya tarehe ya ukomo wa makala zinazoweza kutumika katika ripoti. Waandishi hulazimika kuzingatia kila hoja, na majibu yao huwekwa hadharani ripoti ikishatoka. Hasira ziache nyumbani.

Rasimu hainukuliwi wala haisambazwi. Mwanafunzi wako akiitaka, naye ajisajili.