Chombo gani cha muziki ni kigumu kujifunza? Namna ya kujipima kabla hujaanza

Ukiuliza chombo gani rahisi kujifunza utajibiwa yale yale, ukulele rahisi, vayolini ngumu, piano iko katikati, basi. Sio uongo sana ila haikusaidii kuchagua, maana ugumu haukai sehemu moja. Kuna chombo kinakusumbua wiki za mwanzo alafu kinatulia, kuna kingine kinakuchekea mwezi wa kwanza ukifika mwaka wa pili kinakugeuka, na kuna vile vya kukutoa jasho mwanzo mpaka mwisho (wapiga obo, kile chombo cha kupuliza cha kwenye orkestra, wanajua nasemea nini). So kabla hujachagua jua kwanza ugumu wa hicho unachokitaka umekaa wapi, alafu jiulize kama aina hiyo ya ugumu unaiweza.

Kipimo cha kwanza mi huwa naangalia hiki: noti inakuja imeshatengenezwa, au unaitengeneza mwenyewe kila unapopiga?

Piano inakupa noti iliyo tayari. Ina kii 88, nyeupe 52 na nyeusi 36, ukibonyeza C inatoka C, na hata paka akikanyaga hiyo kii itatoka C ile ile, fundi aliyeityuni kashamaliza kazi yako ya kutafuta sauti. Ndo maana siku ya kwanza tu mtu anapiga wimbo mwepesi kwa kidole kimoja na anatoka hapo anajiona msanii. Sasa mziki wenyewe unaanza pale mkono wa kushoto unapotakiwa kufanya kitu kingine kabisa na cha kulia, na kama unasoma noti basi macho yanasoma mistari ya juu na ya chini kwa pamoja, bado pedali. Hapo ndo wengi wanakwama, na kinachowakwamisha mara nyingi ni kulazimisha mikono yote kuanzia juu mpaka chini ya wimbo. Chukua mkono wa kulia peke yake mpaka uende bila kufikiri, ufanye hivyo hivyo kwa wa kushoto, alafu unganisha vipande viwili tu vya mwanzo, polepole kiasi cha kuona aibu. Vikikaa ongeza kimoja. Ukianzia kwenye kibodi ya kawaida sio mbaya, ila ukipata yenye kii nzito kama za piano chukua hiyo, vidole vikizoea kii laini vinapata tabu sana baadae ukikaa kwenye piano yenyewe.

Gitaa nalo lina freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kwa hiyo noti ziko tayari kwa kiasi chake, lakini linakudai kitu piano haidai: ngozi. Wiki za mwanzo ncha za vidole zinauma, hiyo kawaida, ngozi inakuwa ngumu na maumivu yanaisha. Kisicho kawaida ni gitaa ambalo nyuzi zimekaa juu sana, unabonyeza mpaka mkono unatetemeka alafu unaambiwa huna kipaji. Kabla hujajilaumu tazama pengo kati ya nyuzi na shingo ya gitaa, likiwa kubwa mpe fundi alishushe. Nyuzi za nailoni pia ni nafuu kwa vidole kuliko za chuma.

Alafu kuna kordi ya F (kordi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Watu wengi sana gitaa wameachia hapo. Kidole cha shahada kinalala freti ya kwanza kwenye nyuzi zote 6, vingine vitatu vinapanga juu yake, unapiga na nusu ya nyuzi zinatoa "tup" badala ya sauti. Wengi wanafikiri dawa ni kukaza zaidi, wanakaza mpaka gumba linakufa ganzi. Jaribu hivi: kizungushe kidogo kile kidole cha shahada kilalie ubavu wake wenye mfupa, ule upande unaotazama gumba, kwa sababu upande wa chini una mikunjo laini na uzi unazama humo humo. Kisogeze karibu kabisa na chuma cha freti. Gumba liwe nyuma ya shingo, na uvute kwa mkono wote kuelekea kwako usiminye kwa gumba peke yake. Piga uzi mmoja mmoja usikie upi umekufa, urekebishe huo tu. Na kama bado haikubali hamna aliyekukataza kupiga F nyepesi ya nyuzi 4 nyembamba za chini ukaendelea na maisha, ile ya nyuzi zote itakukuta njiani.

Ukulele kwa kweli ni rahisi kuanza, nyuzi 4 laini, kordi ya C ni kidole kimoja tu kwenye freti ya tatu ya uzi wa A. Ukiwa na C, A maina, F na G una nyimbo kibao. Besi nayo watu wanaidharau eti noti moja moja, ni kweli kuanza sio kazi, ila freti zake zimeachana na mkono mdogo unapata shida kufika, na ugumu halisi wa besi ni kuzinyamazisha nyuzi usizozipiga pamoja na kukaa ndani ya mapigo na mtu wa dramu. Besi ikipotea hata asiyejua mziki anahisi kuna kitu hakiko sawa, japo hawezi kusema ni nini.

Vayolini sasa. Hapa noti hukuti tayari. Nyuzi ni 4, G D A E, shingo haina freti hata moja, kidole kikisogea kidogo tu noti imeshatoka nje ya sauti. Na hiyo ni kazi ya mkono wa kushoto peke yake, mkono wa kulia nao una upinde, ukikandamiza unakwaruza, ukiulegeza unatoa kamluzi, ukienda mshazari sauti inapepesuka. Na upinde usipopakwa ule utomvu mkavu hautoi sauti yoyote, kwa hiyo kama umeazima vayolini na iko kimya usiirudishe kwanza. Namna ya kuanza ni kuachana kabisa na vidole kwa siku kadhaa, piga nyuzi tupu mbele ya kioo ukihakikisha upinde unakwenda sambamba na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Vidole vikianza, weka vijistika kwenye shingo, na washa kwenye simu sauti moja inayoendelea kulia, mfano D, alafu upige noti zako juu yake. Sikio linajifunza haraka zaidi likiwa na kitu cha kulinganisha. Mtoto atafutiwe saizi yake, zipo za robo, nusu na robo tatu, usimpe ya mtu mzima eti atakua nayo.

Na hii ndo nasisitiza kidogo: vayolini bila mwalimu ni kujitafutia balaa. Gitaa, ukulele na kibodi unaweza kujifundisha kwa video ukafika mbali, lakini mshiko mbaya wa upinde ukishazoeleka kuuondoa ni kazi kuliko kujifunza upya. Selo, ile kama vayolini kubwa, ina tatizo lile lile la kukosa freti, ila unakaa na mwili umetulia, hamna kubana kitu chini ya kidevu, so mwili haulalamiki sana. Udi nao hauna freti ila hauna upinde, kwa hiyo hapo vita ni moja sio mbili.

Tukija vya kupuliza, kipimo kinabadilika kidogo, swali linakuwa mdomo wako unafanya kazi kiasi gani. Rekoda haina shida, unapuliza inalia, tatizo lake ni moja, ukipuliza kwa nguvu inapiga kelele, basi puliza kama unapasha vidole joto. Fluti unapuliza kukatisha tundu, kama vile watu wanavyoliza chupa, na siku za mwanzo unaweza usipate sauti kabisa na kizunguzungu juu, pumzika, kaa chini, endelea na kile kichwa chake peke yake kabla ya kuunga kiwiliwili.

Saksafoni ndo ya kupendelea ukitaka kupuliza na kusikika vizuri mapema. Adolphe Sax aliisajili hataza yake 1846 na kusema ukweli jamaa aliwafikiria watu, ukibonyeza kitufe cha okteva vidole vinabaki vile vile na noti ni ile ile kwa juu. Klarineti inafanana nayo kwa macho lakini ukibonyeza kile kitufe chake inaruka zaidi ya okteva, vidole vya C ya chini vinakupa G ya juu, kwa hiyo unajifunza mpangilio mara mbili. Kizuizi cha mwanzo kwa zote mbili ni ridi, kile kijiti chembamba cha tete kinachotetemeka. Anza na laini, namba 2 hivi, iloweshe mdomoni kwanza, na ikipasuka ncha itupe usiionee huruma.

Tarumbeta ina vitufe 3 tu na hapo ndo watu wanadanganyika. Bila kubonyeza kitufe chochote unaweza kupata C, G, C ya juu, E na G nyingine, zote hizo zinaamuliwa na midomo na hewa. Yaani vidole viko sahihi kabisa na noti bado ni nyingine. Midomo ni misuli, inachoka, piga dakika kumi pumzika kumi, na usiikandamize tarumbeta mdomoni ili upate noti za juu, inakupa noti mbili tatu leo alafu kesho midomo imevimba. Aliyevaa vyuma vya meno avijaribu kwanza vyombo vya ridi, shaba inauma. Tromboni haina hata hivyo vitufe, unavuta mrija kwenye nafasi 7 ambazo hazijachorwa popote, sikio ndo linakwambia.

Honi ya orkestra, ile ya duara, ina mrija wa karibu mita 3.7 ukiunyoosha, na huko juu noti zimebanana kiasi kwamba mdomo ukikosea kidogo unaangukia noti ya jirani mbele za watu wote. Obo tatizo lake la ajabu ni kwamba hewa inabaki, tundu ni dogo, unamaliza sentensi ya wimbo mapafu yamejaa hewa chafu inayotaka kutoka, na wapigaji wengi wazoefu wanachonga ridi zao wenyewe. Sikatazi, ila kama hujawahi kupiga kitu chochote mi nisingeanzia huko.

Dramu kuzipiga kila mtu anaweza, kuzituliza ndo kazi. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa bila dramu: hesabu 1 2 3 4, mkono wa kulia upige paja mara mbili kwa kila namba, mguu wa kulia ukanyage kwenye 1 na 3, mkono wa kushoto upige paja lingine kwenye 2 na 4. Ukienda dakika moja bila kuvurugika na bila kuongeza spidi, una pa kuanzia. Ukivurugika, ondoa mguu, weka sawa mikono, urudishe mguu. Metronomu (kihesabu mapigo) ya kwenye simu inatosha, iweke taratibu.

Na hapo kwenye dramu kuna suala watu wanalisahau kabisa, wapi utafanyia mazoezi. Chombo "rahisi" usichoweza kukigusa usiku kwa sababu ya majirani kinakuwa kigumu kuliko chombo kigumu chenye hedifoni. Dramu na tarumbeta zina kelele, kibodi unachomeka hedifoni unapiga saa nane za usiku. Dakika 20 kila siku zinakupeleka mbali kuliko saa tatu za jumamosi, so chombo kinachokaa karibu na kitanda, kimeshatyuniwa, kiko nje ya begi, utakishika mara nyingi zaidi.

Kama bado huna uhakika azima kabla ya kununua, kaa nacho wiki chache. Angalia unakerwa na nini. Kama ni vidole kuuma au mikono kutopatana, hayo muda unayamaliza, vumilia. Kama ni mlio wenyewe wa chombo haukufurahishi hata anapopiga fundi, rudisha, chukua kingine, noti na mapigo uliyojifunza utahama nayo.