Kujumuisha miezi ya NSSF na PSSSF kabla hujastaafu

Mwalimu mmoja alinifuata Mafinga na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na slipu za mshahara za shamba la chai la Mufindi, wino umefifia. Huko alichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, miezi 58. Akaajiriwa na halmashauri akiwa na miaka 44, na sasa ana miezi 130 ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Anataka kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, na hakuna mfuko mmoja ambao peke yake unamfikishia miezi hiyo. Ukijumlisha, anayo 188. Sheria inaruhusu kujumuisha.

Hatua ya kwanza: usichukue fedha zako za NSSF. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu akitoka shambani anadai mafao amalizie nyumba au alipe ada, na mimi siwalaumu, shida haingoji. Lakini miezi uliyokwisha kulipwa imetoka kwenye hesabu.

Hatua ya pili: omba taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi, kwenye mifuko yote miwili. Kama zamani ulikuwa PSPF, LAPF, GEPF au PPF, miezi hiyo iko PSSSF tangu mifuko hiyo ilipounganishwa mwaka 2018. Hakikisha tu inaonekana.

Shika penseli, zungushia kila mwezi ulio wazi. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata miezi saba bila kupeleka mchango hata mmoja. Kilichoniokoa ni slipu, kwa sababu makato yalionekana pale. Peleka nakala kwenye mfuko husika, halisi zibaki kwako.

Hatua ya tatu: linganisha majina na kitambulisho cha NIDA. Kwa yule mwalimu, "y" ya jina la ukoo iliandikwa "i" huko NSSF. Herufi moja hiyo inatosha kukufanya watu wawili. Rekebisha kwanza, ndipo uombe.

Hatua ya nne: andika barua kwa mfuko unaochangia sasa, kupitia kwa mwajiri. Taja namba zako zote mbili za uanachama, ambatisha taarifa za michango, barua za ajira na ya kuacha kazi. Usisubiri mwezi wa kustaafu. Anza mapema, hata miaka miwili kabla. Na nakala yako, ndugu yangu, usiondoke nayo dirishani kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.