Somo: Badiliko la kiumbo na la kikemikali kwenye karai la maandazi

Hatua ya 1. Wengi hutofautisha mabadiliko haya mawili kwa kuuliza "kinarudi kilivyokuwa au hakirudi?" Acha kwanza swali hilo. Linapotosha. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, ila wanga wake ni ule ule, kwa hiyo ni badiliko la kiumbo. Uliza hivi: kimetokea kitu kipya? Kama hapana, ni kiumbo; kama ndiyo, ni kikemikali.

Hatua ya 2. Fuatilia maandazi. Kukuna nazi na kutwanga iliki ni kiumbo. Sukari ikiyeyuka kwenye maji ya uvuguvugu pia ni kiumbo: onja, utamu upo, maji yakikauka, sukari inabaki.

Hamira ni habari nyingine. Ni viumbe hai. Hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na alkoholi kidogo. Funua bakuli unga ukishaumuka: umejaa vitundu, na una harufu ya uchachu ambayo haikuwepo wakati unakanda. Hapo ni kikemikali.

Kwenye mafuta ya moto yanatokea yote mawili kwa pamoja, na hapa ndipo pa kukaza macho. Mapovu yanayochemka kuzunguka andazi ni maji ya unga yanayotoka kama mvuke: kiumbo. Ganda linalogeuka kahawia ni protini na sukari zinazounda vitu vipya, ndiyo maana harufu inafika hadi kwa jirani: kikemikali.

Hatua ya 3. Usiamini mapovu peke yake. Ya maji yanayochemka ni mvuke tu. Ya magadi soda iliyokamuliwa ndimu ni gesi mpya.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, sukari nikiikaanga kavu mpaka iwe kahawia?
Kikemikali. Kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi huanza kuvunjika, na uchungu unaousikia ni wa vitu vipya. Ukizidisha moto utabaki na kaboni nyeusi.

Na kitunguu? Nakikata tu, machozi yanatoka wapi?
Swali zuri sana hili. Kukata ni kiumbo. Lakini kisu kinapasua seli, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) vinakutana na misombo yenye salfa, na gesi inayotengenezwa hapo hapo ndiyo inayowasha macho: hiyo ni kikemikali. Kwenye mtihani ukiulizwa kuhusu kukata, jibu kiumbo.

Maziwa kuwa mtindi?
Kikemikali. Bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayogandisha protini.