Kabla Hujafungua Klabu ya Vitabu ya Mabinti: Mambo ya Kuzingatia

Anza na saa, vitabu baadaye. Binti wa miaka 10 hadi 14 hana Jumamosi tupu. Asubuhi anafua sare, zake na za wadogo zake, anachota maji, anaosha vyombo, na huku kwetu Tanga wengi wana madrasa, wengine kwaya au mafundisho ya kipaimara. Ukiweka klabu saa tatu asubuhi utawapata wenye dada wa kazi nyumbani, na wale uliowakusudia hutawaona. Weka saa nane mchana, funga saa kumi kamili, ili hata anayetoka mbali afike kwao jua likiwa bado juu. Na ukisema saa kumi, iwe saa kumi. Mama akishazoea kumwona binti yake mlangoni saa kumi na robo, siku asipomwona ataanza kuulizia mapema, na hicho ndicho unachokitaka.

Mahali papo pengi: darasa la shule, varanda pana, chumba cha maktaba. Kagua choo kwanza. Kiwe karibu, kiwe na maji na mlango unaofungika kwa ndani. Weka taulo za kike kwenye boksi humo humo, na usiulize nani kachukua.

Watu wazima wawili, angalau mmoja mwanamke, kila kikao bila kukosa. Asibaki mtu mzima peke yake na binti mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, awe nani awe nani. Anayekuja kujitolea muulize katoka wapi, kisha nenda kaulize huko alikotoka. Ukarimu wake si barua ya utambulisho.

Ruhusa ya mzazi iwe kwenye karatasi, na namba za simu mbili za watu wawili tofauti, kwa sababu moja haitapatikana siku unayoihitaji. Humo humo uliza kama mtoto ana pumu, kifafa, au chakula kinachomdhuru. Uliza pia nani anaruhusiwa kumchukua.

Sasa vitabu. Usinunue kabla hujajua unasoma na nani. Kwa mabinti 15 tafuta nakala nane za kitabu kimoja, wasome wawili wawili. Nakala moja mkononi mwa kiongozi inageuza klabu kuwa kipindi cha redio. Kabla hujatoa shilingi, nenda ukazungumze na mkutubi wa maktaba ya mkoa. Uliza pia vitabu vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao tangu mwaka 1991 umesaidia wachapishaji wa hapa nchini kutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Ukiwa na intaneti, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria: unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa stesheneri na kuzigawa. Nakala utakazopata zivalishe jalada la plastiki kabla hazijaguswa. Na usilete kitabu cha Kiingereza ili klabu ionekane ya maana. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto hupenda kusoma katika lugha anayoielewa akiwa amechoka.

Kitabu chenyewe kisome wewe mwanzo hadi ukurasa wa mwisho. Mambo mazito yasikutishe, mabinti hawa wanajua mengi kuliko tunavyodhani. Lakini ujue mapema mahali ambapo binti wa kwenye hadithi anaozwa au anapigwa, na ujue nani kwenye duara lako anaweza kuguswa. Hadithi ikimfungua binti akasema jambo la nyumbani kwao, usimwahidi siri. Mwambie utamtafutia msaada. Namba 116 ni ya bure, ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Na kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na afisa ustawi wa jamii. Namba hizi ziwe kwenye simu yako kabla ya kikao cha kwanza.

Jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote ni hili: kabla ya kitabu cha kwanza, msikilize kila binti akisoma, mmoja mmoja, pembeni, pasipo mwenzake kusikia.

Nilikuwa nikisaidia kazi za mikono kwenye klabu ya dada mmoja, mwalimu kwa kusomea, mwenye moyo kweli kweli. Palikuwa na binti wa darasa la sita, mrefu, mtaratibu, mwenye mikono myepesi. Ukili aliusuka huku anaongea, macho hayapo hata kwenye miyaa. Muda wa kitabu ukifika, yeye ndiye wa kwanza kuinuka: atafuata maji, atafagia mabaki, atapanga vikombe. Wote tulimsifu kwa uchapakazi. Akiketi na kitabu, alifunua ukurasa baada tu ya jirani yake kufunua wake.

Dada yule aliwasomesha kwa zamu. Wanakaa duara, kila mmoja anasoma aya moja kwa sauti, kuanzia mkono wake wa kulia. Vitabu waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani, kwa hiyo sura inayokuja ilijulikana. Binti yule hakuwahi kukosea. Jumamosi moja dada akaanzia kushoto, bila nia yoyote, kwa kuwa tu wa kulia alikuwa na kikohozi. Zamu ya binti ikafika. Akashika kitabu vizuri, akasoma kwa sauti nzuri bila kukwama, aya nyingine kabisa. Ilikuwa aya ambayo ingemwangukia kama wangeanzia kulia. Kumbe kila wiki alikuwa akikaa palepale, anahesabu vichwa, na mdogo wake wa darasa la nne anamsomea aya hiyo nyumbani mpaka inamkaa kichwani.

Jirani yake akamwambia, "Siyo hapo, we," akamwekea kidole kwenye mstari wenyewe, akasubiri. Binti akautazama ule mstari. Wenzake wakaelewa, na kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka duara lote. Dada akawanyamazisha, akampa zamu wa pili, vitafunwa vikaletwa. Ikaonekana yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Daftari la mahudhurio lilikuwepo, likawekwa alama tu. Huko nyumbani, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuwa akiaga, begi mgongoni, na saa kumi na robo amesharudi. Mama yake alijua mtoto yuko klabu. Klabu ilijua mtoto yuko kwa mama yake. Karibu mwezi mzima binti wa miaka 12 hakuwa mikononi mwa mtu yeyote. Shangazi yake ndiye aliyemkuta nyuma ya soko, ameketi na bibi mmoja anayeuza mikeka, anamsukia ukili. Mungu amjalie yule bibi. Angeweza kuwa ameangukia kwa mtu mwingine.

Mama alipokuja hakugomba. Aliuliza, "Mwalimu, kama hajui kusoma, mbona mlimsimamisha mbele ya wenzake?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsikiliza akisoma peke yake. Binti hakurudi, ingawa dada alimfuata mpaka kwao.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kisiwe na kitabu cha pamoja. Wape wote kazi ya mikono, halafu mwite mmoja mmoja varandani kwa dakika tano. Uwe na karatasi nne: ya silabi na maneno mafupi, ya sentensi fupi fupi, ya aya moja ya kiwango cha darasa la pili, na ya ukurasa mzima wa hadithi. Anza na nyepesi ili apate kushinda kwanza. Akifika anapokwama, simama hapo, usimsukume. Muulize maswali mawili ya alichosoma, kwa sababu wapo wanaotamka kila neno na hawajaelewa lolote. Andika kwenye daftari ambalo halitalala klabu. Mtazame pia anavyoshika karatasi. Akiileta mpaka puani au akikunja uso, shida huenda ikawa macho. Ongea na mzazi ampeleke hospitali apimwe.

Ukimpata asiyejua kusoma akiwa darasa la sita au la saba, usishangae mbele yake. Si yeye pekee. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa sababu tatizo linajulikana. Madarasa yana watoto wengi, na mtoto mtulivu anapita bila kuonekana. Huyu mpe robo saa yake peke yake kabla wenzake hawajafika, kwa jina la "kuja kusaidia kupanga", na mfanye kazi ya silabi. Kwenye duara, msomaji mkuu awe wewe, wao wafuatishe kwa kidole. Kusoma kwa sauti kuwe kwa anayetaka. Mtu akisema "napita", apite, na uanze wewe mwenyewe kupita siku moja ili lisiwe jambo la ajabu. Kucheka anayesoma kukatazwe tangu siku ya kwanza, kabla hajapatikana wa kuchekwa.

Na daftari la mahudhurio lifanye kazi. Ikifika saa nane na nusu binti hajaonekana na hukupewa taarifa, piga simu kwao siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. Usisubiri Jumamosi ijayo.

Kazi za mikono zitumikie kitabu. Ukiziachia, zitameza saa mbili zote, na utakuwa na klabu ya shanga. Nusu saa inatosha. Kazi inayolipa kuliko zote ni kushona kijitabu: karatasi nne za A4 zikunjwe katikati, zitobolewe matundu matatu kwenye mkunjo, zipitishwe uzi, jalada liwe boksi lililovalishwa kipande cha kitenge. Vipande utapewa bure na fundi cherehani ukimwomba kwa adabu na ukarudi kumwonyesha. Kisha binti asimulie jambo lake mwenyewe, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, naye ajisomee. Asiyejua kusoma vizuri atayasoma maneno hayo kabla ya mengine yoyote, kwa kuwa ametoka kuyasema. Alama ya ukurasa ya ukili nayo ni nzuri, haichukui muda. Gundi pika ya unga wa ngano. Ile ya kukausha papo hapo isiingie kabisa, inashika vidole na ikiruka jichoni ni hatari. Sindano na mikasi vihesabiwe vikitoka na vikirudi, na asiondoke mtu hesabu haijatimia.

Vitafunwa viwe vyepesi na vije mwisho, wanawe kwanza kwa sabuni, wasishike vitabu tena. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, vitumbua, bisi. Juisi ya ubuyu au ukwaju itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Karanga na mahindi vinunue kwa mtu unayemwamini, na chochote chenye ukungu au ladha chungu tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mwezi wa Ramadhani wafungashie wote, anayefunga na asiyefunga, kila mtu akale kwao. Usimfanye aliyefunga akae akitazama, wala asiyefunga siku hiyo ajieleze kwa nini. Pia kumbuka kuna mabinti ambao hicho ndicho chakula chao cha mchana. Toa sawa kwa wote, na kinachobaki kigawe kimya kimya.

Michango iwe midogo, au isiwepo. Asiyelipa asitajwe. Fedha zikipatikana, ziandikwe kwenye daftari linaloonwa na wazazi, kwa sababu maneno ya fedha yanavunja klabu haraka kuliko jambo lolote.

Picha usirushe. Mtoto mwenye sare ya shule na jina la klabu nyuma yake anapatikana kwa urahisi na mtu mwenye nia mbaya, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mfadhili akitaka ushahidi, mpigie picha ya mikono inayoshona au vijitabu mezani. Ukihitaji sura, omba ruhusa ya mzazi kwa picha hiyo, na muulize binti mwenyewe pia.

Mengine ni ya kukaa macho tu. Mvua za masika zikianza, uwe umekubaliana na wazazi kwamba manyunyu hayavunji kikao ila mvua kubwa inavunja, na nani anapiga simu. Umeme unakatika, basi kaa karibu na dirisha. Simu za mkononi zikae kwenye kapu moja, na yako humo, isipokuwa ya dharura. Mgeni rasmi asikaribishwe kabla ya miezi michache kupita. Kabati la vitabu liwe na funguo mbili kwa watu wawili, na orodha ya walioazima ibandikwe kwa ndani ya mlango wake, kwa sababu nakala zikianza kupotea hupotea moja moja, na ukija kushtuka zimebaki tatu.