Gari limekaa uani Fuoni, mipira imefanya nyufa: linafaa kuendeshwa?

Umebakisha wiki tatu uje likizo kutoka London au Toronto. Gari liko uani Fuoni, Unguja, limefunikwa turubai, halijatoka tangu uliporudi ulaya mwaka juzi. Kaka anakwambia kwa simu: "Gari zima kabisa, ila mipira imefanya nyufa kidogo." Hiyo "kidogo" ichunguzwe kabla hujapanda ndege, maana ukishafika utakuwa na watoto, masanduku na haraka.

Wengi Unguja na Pemba huilaumu chumvi ya bahari. Chumvi hula rimu za chuma, na ukingo wa rimu ukiota kutu tairi huvuja upepo polepole. Nyufa zenyewe, lakini, ni kazi ya jua, joto na ozoni, gesi iliyomo hewani. Mpira wa tairi huchanganywa na nta ya kuukinga, na nta hiyo hupanda juu kadiri tairi linavyojikunja barabarani. Gari lililolala halijikunji, basi ngozi ya tairi hukauka. Ndiyo maana gari la kutembelea mara moja kwa mwaka linaweza kuwa na matairi mabovu kuliko ya teksi, ilhali kashata zake, yaani meno yanayokanyaga barabara, bado nene. Kashata nene zimewadanganya wengi.

Mwambie kijana wa nyumbani ayaoshe kwa maji ya sabuni, wala asipake kitu. Wapo wanaopaka dizeli ili mpira ung'ae. Dizeli huuvimbisha mpira na kuuharibu, na nyufa hazionekani vizuri. Asubiri magharibi, kisha amulike tochi kutoka pembeni ili kila ufa uweke kivuli. Apige picha ubavu wa chini, pale tairi linapotuna kwa uzito wa gari, kwani hapo nyufa hufunguka. Halafu asukume gari kama mita moja apige tena: kwa tairi la ukubwa wa 185/65R15 hiyo ni karibu nusu mzunguko, na sehemu iliyokuwa imekalia chini itajitokeza. Ubavu wa ndani usisahauliwe. Ya mbele yanaonekana usukani ukikatwa mpaka mwisho; ya nyuma lazima ainame.

Sasa soma picha. Vinyufa kama nywele vilivyotapakaa ubavuni, ambavyo ukucha haunasi, ni uzee wa ngozi. Si dharura, lakini ni vya kufuatiliwa. Ukucha ukinasa, hali ni nyingine, kwa sababu mpira wa ubavuni una unene wa milimita chache tu kabla ya kufikia nyuzi za ndani zinazolishikilia tairi. Ufa mmoja mrefu unaolizunguka tairi, karibu na rimu au pale ubavu unapokutana na kashata, ni mbaya kuliko vinyufa mia vilivyotawanyika: umefuata mahali tairi linapojikunja kila mzunguko. Nyufa zilizo chini kabisa ya mifereji ya kashata huingiza maji kwenye waya za chuma, waya zikashika kutu na kashata ikaja kubanduka. Ukiona uzi, waya au uvimbe ubavuni, gari lisiendeshwe hata kwenda gereji. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika.

Fundi wa pancha anaweza kupendekeza atie chubu, ule mpira wa upepo, ndani. Chubu huzuia upepo usitoke, haiungi nyuzi zilizokatika. Gundi nayo ni hivyo hivyo, na ubavu hauzibwi kiraka. Wala usipunguze upepo eti tairi lisibanwe. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, likachemka, likapasuka. Jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Baada ya nyufa, umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, tena ule wa ndani. Tarakimu zikiwa tatu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hapana mjadala. Watengenezaji wengi hutaka likaguliwe kila mwaka likipita miaka 5, na liondolewe likifika 10 hata kama linapendeza. Uingereza, tangu Februari 2021, basi la abiria haliruhusiwi kuwa na tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Kwa gari lililolala juani Unguja, 10 ni mingi mno. Likipita 6 na ukucha unanasa, badilisha.

Magari mengi ya kwetu ni mtumba wa Japani, hivyo tairi linaweza kuwa limezeeka kabla gari halijashushwa bandarini Malindi, Unguja. Ukikuta limeandikwa STUDLESS, hilo ni la theluji: mpira wake laini, na lami ya moto hulimaliza upesi.

Tarehe isomwe hata kwa tairi linaloitwa jipya, kwani mengine hukaa miaka nje ya duka yakipigwa jua. Pesa zikitosha mawili tu, yafungwe nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. La nyuma likipoteza mshiko kwenye lami yenye maji, gari huzunguka na usukani hausaidii. Na kijana afungue buti alipige picha la spea pia, maana mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote manne.